Wino Uliokolea Kushoto

Wachoraji vijana wakizishika kazi za Tarsis huuliza swali moja: kwa nini picha zake zinashuka? Wenzake wote hupanga visanduku vya katuni kwenda upande, kushoto kuelekea kulia, kama mstari wa maandishi. Za Tarsis zinateremka ukurasani, moja chini ya nyingine, kama ngazi ya dari. Wapo wanaosema ni maringo ya uzee. Wapo wanaosema Mchaga huyu kazoea kushuka mlima. Yeye hucheka tu akaendelea kuchonga penseli yake. Lakini jambo lenyewe si la kucheka, na lilimgharimu nusu mwaka wa usingizi.

Tarsis alitoka Kibosho mwaka sitini na sita, kijana wa miaka kumi na tisa, akaja Dar es Salaam kumsaidia baba yake mdogo, Kasmir, aliyekuwa na duka la jumla Mtaa wa Kongo. Kazi yake ilikuwa kupanga madumu ya mafuta na kufunga sukari kwenye karatasi za kaki. Hapo ndipo ugonjwa wake ulipojitokeza. Mteja alifika nyumbani, akafungua sukari, akajikuta amechorwa mwenyewe juu ya karatasi, na tumbo lake na kipara chake. Wengine walicheka. Wengine walirudi na sukari mkononi wakitaka kupigana.

Kasmir alimweka kitako. "Mchaga akishika kalamu ni ya kuandika bei," alimwambia. "Hii yako ya kuandika pua za watu itakutia umaskini. Nakupa miezi mitatu uiache."

Tarsis aliitumia miezi hiyo mitatu kujifunza kuandika vibao vya maduka. Akaandika kibao cha kinyozi, akaandika cha fundi cherehani, akaandika cha hoteli moja Mtaa wa Msimbazi na kuku mzima juu yake, kuku aliyenona kuliko yeyote aliyepata kuliwa mle ndani. Miezi ilipokwisha alimshukuru baba mdogo kwa heshima zote, akabeba sanduku lake la bati, akaondoka. Kuacha kuchora hakukumpitia akilini hata mara moja.

Alipata chumba Mtaa wa Sikukuu, katika nyumba ya Bi Zamda. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, korido katikati na uani nyuma, na barazani kila asubuhi Bi Zamda alikaa na jiko lake na chuma chake cha vitumbua. Alikuwa mjane wa Kirufiji, mwembamba, mwenye ulimi mkali na mkono mtamu. Watu walitoka mpaka Ilala kuvifuata vitumbua vyake. Mtu mmoja tu hakuvila: Mzee Safari, fundi viatu wa kona ya pili, naye Mrufiji, aliyepita pale kila siku iendayo kwa Mungu bila salamu, akaenda kununua mihogo ya kuchemsha kwa mtu mwingine.

Siku moja Tarsis aliuliza kulikoni. Bi Zamda aligeuza kitumbua, akasema, "Yule vyangu vinamkwama kooni," na kwa namna alivyolisema, mpangaji hakuuliza tena.

Kufikia mwaka sabini na nne Tarsis alikuwa na jina. Alichora kila wiki katika jarida la Kinara, na mtu wake, Bwana Kesho-Kutwa, mvivu aliyekuwa na udhuru mpya kila anapoitwa shambani, alijulikana mpaka na makuli wa bandarini. Ndipo mhariri wa jarida, Severine, mwalimu wa zamani aliyetembea na kalamu nyekundu mfukoni hata akienda kanisani, alipomwita ofisini.

"Ndugu Tarsis, watu wetu wanamjua malkia wa Uingereza na mume wake," Severine alisema. "Babu zao waliopigana Maji Maji hawawajui. Wachoree. Kila wiki kipande, na mwisho wa mwaka vipande vyote tutavitia katika kitabu cha kisomo cha watu wazima, nchi nzima."

Tarsis alitoka mle akitembea kama aliyevishwa viatu vipya. Hakuwahi kuitaka kazi kama alivyoitaka hiyo. Na aliifanya kwa adabu. Hakuchora bunduki mpaka ameishika bunduki ya namna ile. Hakuchora mwanamke wa zama zile mpaka amepata bibi wa kumwonyesha kaniki ilivyofungwa, kwa sababu kanga zenye maandishi anazozijua yeye zingemcheka mbele ya wajuzi. Na alijiwekea mwiko mmoja: mtu wa kweli aliyekufa bila kuacha picha, hamchori uso. Kumtungia marehemu pua aliona ni wizi.

Mwezi wa sita Severine alimpa ukurasa mmoja ulioandikwa kwa taipu, muhtasari wa jalada la Kijerumani. Ulimhusu Jumbe Mrisho, mkuu wa mji mdogo kule Rufiji. Karatasi ilisema Jumbe alikamatwa, akaletwa mbele ya bwana mkubwa, akaungama na kuwataja wenzake kumi na mmoja, akatia sahihi, akahukumiwa, akanyongwa. Wale kumi na mmoja wakakamatwa baada yake.

Tarsis alichora picha nne kwa mstari mmoja wa upande. Ya kwanza, kushoto kabisa, askari wamezunguka nyumba, mwanamke na mtoto wa kike wamesimama mlangoni. Ya pili, barazani bomani, Mjerumani yuko mezani na karani anaandika, Jumbe haonekani, maneno yake tu yanaingia kutoka nje ya picha: "Nitawataja." Ya tatu, Mjerumani amesimama anausomea karatasi umati ulioketi chini. Ya nne, kulia kabisa, mti wa kunyongea, na kanzu nyeupe imening'inia, inaonekana kwa nyuma. Uso haukuwemo popote, na mwiko wake ulikuwa salama.

Jarida lilitoka Alhamisi. Asubuhi ile Tarsis alipita barazani akiwa na nakala kwapani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Leo umemchora nani, yule mvivu wako?"

"Leo nimechora wa kwenu, bibi. Jumbe mmoja wa Rufiji akiitwa Mrisho."

Upawa wa Bi Zamda ulisimama juu ya chuma. Aliuweka chini, akafuta mikono kwa kanga, kidole kimoja kimoja, akanyoosha mkono. "Lete."

Alilishika jarida mbali na macho, kama wafanyavyo wazee. Kisha kidole chake kilienda kwenye picha. Kilikwenda kulia, kwenye kanzu iliyoning'inia. Kilikaa pale muda mrefu.

"Alfajiri," alisema. "Walimwita bomani magharibi, kwa maneno mazuri, alfajiri wakamtundika." Kidole kikasogea kushoto. "Adhuhuri yule Mdachi akatusomea karatasi. Tulikaa chini juani, hivi hivi ulivyotukalisha." Kikasogea tena. "Halafu ndipo wakaanza kuandika. Baba keshakufa. Mimi na mama tumekaa pale tunangoja kupewa maiti, tunamwona karani anachovya, anaandika, anachovya, anaandika, mpaka alasiri." Kikafika mwisho, kushoto. "Jioni askari wakaja nyumbani, wakachukua hata kinu. Na huyu mlangoni ni mimi."

Akainua uso. Bi Zamda, ambaye Tarsis hakuwahi kumwona akilia hata kwa moshi, machozi yalimtiririka bila kuyafuta.

"Umepatia, mwanangu. Umepatia yote. Nani kakwambia?"

Ndipo Tarsis alipoelewa. Bi Zamda alisomea chuoni. Alisoma Kurani na aliandika barua zake kwa herufi za Kiarabu, na kwake yeye ukurasa wowote duniani ulianzia kulia. Herufi za Kizungu mle kwenye picha kwake zilikuwa mapambo. Alichokisoma ni picha, na zikianzia kulia picha zilisema kinyume cha alichokichora Tarsis.

"Niliambiwa tu, bibi," alijibu, na papo hapo akajichukia.

"Basi aliyekwambia Mungu amweke. Wale kumi na mmoja walikamatwa kesho yake, na ikasemwa Mrisho kawataja. Mama akanichukua tukaja huku, lakini maneno yana miguu, yalitufuata. Leo miaka sitini na tisa naitwa binti wa mtaja wenzake. Mzee Safari baba yake alikuwa mmoja wa wale. Ndiyo maana vitumbua vyangu havishuki." Akagonga picha kwa ukucha. "Maiti anatajaje watu, baba? Sasa limo gazetini. Wataona."

Alikoroga uji wa ngano palepale, akaubandika ule ukurasa ukutani barazani, mahali ambapo kila mnunuzi angeuona. Tarsis alimwangalia akiulainisha kwa kiganja. Kila mtu aliyejifunza shule angesimama pale, aanze kushoto, na asome kwamba babake Bi Zamda alikuwa msaliti, kwenye ukuta wake mwenyewe, kwa gundi ya mkono wake mwenyewe. Aliona aibu ya kutaka ardhi ipasuke. Akaenda zake kazini bila kuchukua vitumbua.

Njiani aliamua. Kosa alilolichora yeye angelifuta yeye, na kitabu hakitachapishwa na uongo ule ndani.

Severine alimsikiliza mpaka mwisho, hilo tumpe haki yake. Kisha alivua miwani.

"Ndugu yangu, huyo ni binti yake. Binti gani wa kumzaa atakwambia baba yangu alikuwa msaliti?"

"Alikuwepo."

"Alikuwa mtoto wa miaka minane. Mimi nina karatasi yenye tarehe, na jaladani kule Upanga ipo sahihi ya Jumbe mwenyewe. Karatasi hujibiwa kwa karatasi. Nikiirekebisha kwa maneno ya muuza vitumbua, kesho kila mtu ataleta babu yake nimsafishe."

"Basi kipande cha wiki ijayo sichori. Cha wale kumi na mmoja."

"Usipochora wewe atachora mwingine, na kitabu kitakuwa chake."

"Nipe mpaka mwisho wa mwaka," alisema Tarsis.

Severine alimtazama. Alikuwa mkali, ila hakuwa mtu mbaya. "Mpaka mwezi wa kumi na mbili. Chora Bwana Kesho-Kutwa. Lakini nawe usije ukawa yeye."

Mambo yangekuwa mepesi kama si kisomo. Mwezi ule ule Bi Zamda alijiandikisha darasa la watu wazima, alasiri, katika ofisi ya tawi la TANU. Alikuwa na sababu. "Wameniandikia baba yangu gazetini," aliwaambia wapangaji, "nami nasoma picha tu. Nataka na maneno." Alinunua ubao mdogo na chaki, na jioni aliwarudia na habari za mwalimu wake Josepha, binti mdogo mwenye sauti kubwa.

"Leo ba, be, bi, bo, bu," alisema. "Lakini ninyi mna vituko. Mnaanza mwisho."

"Tunaanza kushoto, bibi."

"Si ndiyo mwisho?"

Wapangaji walicheka. Tarsis alicheka nao. Kila silabi iliyoongezeka kwenye ule ubao ilikuwa hatua moja kuelekea ukutani. Angeweza kumwambia. Kila asubuhi alitoka chumbani na maneno yamepangwa mdomoni, akafika barazani, akakuta bibi anamfungia vitumbua vyake na kimoja cha nyongeza, "cha mchora haki," na maneno yakarudi tumboni. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, na Tarsis alijua wanamsema yeye.

Mwezi wa nane alianza kwenda Upanga, katika nyumba inakotunzwa kumbukumbu za zamani, kwa miguu, siku ambazo Kinara halikumhitaji. Mtunza chumba, Bi Paskalina, alimletea jalada na kumwonya asichovye kalamu karibu nalo. Tarsis hakujua neno moja la Kijerumani. Alichokijua ni kuangalia, na kwake kuangalia ni kuchora. Basi alikaa akiinakili ile karatasi ya ungamo kwa penseli, mstari kwa mstari, kama mtoto anayenakili ramani. Alienda mara nne, mara sita, bila kuona kitu. Severine alimuuliza amefikia wapi, akajibu anaendelea. Baba yake mdogo alisikia kwamba sasa anachora karatasi za watu badala ya pua zao, akapeleka salamu za pole.

Katika siku hizo vitumbua vya Bi Zamda viliharibika. Kama ni vya wote, hakujua. Vya wengine hakuvionja. Alivyofungiwa yeye vilikosa ladha, vikavu, havina sukari kabisa, na kile cha nyongeza kilikoma. Ilikuwa kabla kidogo ya mfungo wa Ramadhani, na sukari ilikuwa ya kutafutwa kwa foleni. Tarsis alisema moyoni bibi wa watu kaishiwa, akavila vyote bila kulalamika, mfungo ukaingia na kutoka.

Baada ya Idi alirudi Upanga na wazo dogo. Alikuwa ameshanakili maneno yote ya ungamo, bado sahihi tu iliyo chini, jina la Mrisho kwa herufi za Kiarabu. Aliichora kwa penseli, haikukaa. Aliichora tena, haikukaa. Jioni, chumbani kwake, alichukua nibu, ile kalamu ya kuchovya, na wino ili aipate kwa kumbukumbu, akaanzia upande wa kulia kama alivyoona Bi Zamda akiandika. Umbo lilitoka sawa, lakini sahihi ilionekana ya mtu mwingine. Alijaribu mara nyingi. Ndipo mkono wake, kwa uchovu na mazoea ya shule, ukaanzia kushoto, na sahihi ikatoka ile ile.

Tarsis aliiweka kalamu chini taratibu.

Kila mtu aliyetumia nibu anajua jambo hili. Ukichovya, wino hukolea mahali unapoanzia, na hupauka kadiri unavyokwenda, mpaka uchovye tena. Sahihi ya jaladani ilikuwa imekolea kushoto, kwenye herufi ya mwisho, na kulia, kwenye herufi ya kwanza, ilikuwa imepauka kiasi cha kukwaruza. Aliyeiandika aliichora kama picha, kuanzia upande ambao yeye alizoea kuanzia. Hakupita chuoni huyo. Herufi zile zilikuwa za Jumbe, na mkono ulikuwa wa mtu mwingine.

Asubuhi alimpelekea Bi Zamda barazani karatasi, nibu na kichupa cha wino.

"Bibi, niandikie jina la baba yako."

Bi Zamda alimtazama kwa muda ambao Tarsis aliuona mrefu kuliko ilivyohitajika. "La nini?"

"Kazi, bibi."

Akaandika, kutoka kulia, kwa mkono thabiti. "Tena," alisema Tarsis. Akaandika tena. Alimwandikisha mara tano, kila mara akichovya upya, na mara zote tano wino ulikolea kulia na kupauka kushoto. Bi Zamda hakuuliza zaidi. Alimrudishia karatasi, akamfungia vitumbua, na Tarsis kwa furaha aliyokuwa nayo hakusubiri hata kuvionja. Angevionja angegundua sukari imerudi.

Severine alikwenda naye Upanga mwenyewe. Aliinama juu ya jalada kwa miwani, akainama bila miwani, akailinganisha na zile tano za Bi Zamda. Waliporudi ofisini alichukua kalamu ya kuchovya iliyokuwa ikikusanya vumbi dirishani, akaandika jina lake mwenyewe, Severine, akalitazama. Likakolea kwenye S.

"Hii haithibitishi kwamba alinyongwa kwanza," alisema mwishowe.

"Inathibitisha hakutia sahihi. Sasa niambie, mwalimu: mtu aliye hai, amesimama mbele yako, amekwisha kuungama kwa hiari yake, unamtilia sahihi wewe kwa nini?"

Mhariri aliifuta nibu kwa kipande cha karatasi. Nje muuza kahawa alipita akigonganisha vikombe, akatokomea. "Nimewafundisha watoto miaka kumi na tano kwamba karatasi haisemi uongo," alisema Severine. "Chora. Ukurasa mzima. Lakini uweke vyote viwili, karatasi inasemaje na wino unasemaje. Msomaji ana macho."

"Kuna jingine. Sitaki kuzipanga picha upande."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nusu ya wazee wa Rufiji watazisoma kama bibi yule, na nusu ya wajukuu zao watazisoma kama wewe. Nataka wasome kitu kimoja." Alichukua karatasi, akapiga mstari mmoja kutoka juu mpaka chini. "Huku hakuna kulia wala kushoto. Kila aliyesoma popote anajua kwamba juu huja kabla ya chini."

Ukurasa ulitoka Alhamisi ya pili ya mwezi wa kumi na mbili. Juu kabisa, kanzu alfajiri. Chini yake, umati juani. Chini yake, karani mezani, na safari hii mwanamke na mtoto wamekaa pembeni wakingoja maiti. Chini yake, askari nyumbani, mmoja kabeba kinu. Na mwisho kabisa, kubwa kuliko picha zote, sahihi mbili: ya jaladani, na ya binti.

Tarsis aliamka mapema, akaliendea baraza kama mtu anayekwenda kuhukumiwa. Hakumpa jarida. Alichuchumaa mbele ya jiko.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Bibi, kabla hujaitazama hii nina neno. Ile ya ukutani—"

"Ile ya ukutani inamtukana baba yangu," alisema Bi Zamda, akimimina unga kwenye kishimo cha kwanza. "Najua."

Tarsis aligeuka kuutazama ukuta. "Tangu lini?"

"Kabla ya mfungo. Josepha alitwambia tukasome chochote kilicho majumbani mwetu, kuanzia huko kwenu, kushoto. Nikaja nikasimama hapo. Nikasoma ni-ta-wa-ta-ja." Alimimina kishimo cha pili. "Vitumbua vyote viliungua siku ile. Niliingia chumbani kwako, nikalitoa sanduku lako mpaka kwenye korido."

"Kwa nini hukunifukuza?"

"Nilitaka. Niliumia, Tarsis. Ulinidanganya machoni. Lakini nikakaa nikafikiri: nikimfukuza huyu, nani ataichora upya? Nikalirudisha sanduku. Nikasema nitamngoja. Siku ile uliponiandikisha jina lake mara tano nikajua unatafuta."

"Na vitumbua vile? Nilidhani sukari imekuadimikia."

"Sukari ilikuwepo," alisema Bi Zamda.

Tarsis aliinamisha kichwa, akacheka, na kicheko kikamgeukia njiani kikawa kitu kingine. Akaomba radhi kama inavyoombwa kwa mkubwa, mikono miwili. Bi Zamda aliifunika kwa kiganja chake chenye unga. Kisha akafuta mikono, kidole kimoja kimoja. "Lete."

"Naanzia wapi?" aliuliza.

"Juu, bibi."

"Kulia au kushoto?"

"Juu tu."

Kidole kikashuka. Kilipita kwenye kanzu, kwenye umati, kwenye mtoto anayengoja. Na chini ya picha alisoma maneno kwa sauti, silabi kwa silabi, kwa sauti kubwa aliyojifunza kwa Josepha, mpaka majirani wakatoka milangoni: ha-ku-ti-a sa-hi-hi. Alilisoma mara mbili.

Hakuwa amemaliza kulikunja jarida wakati Mzee Safari alipofika kutoka upande wa kona yake. Mara hii hakupita. Alisimama mbele ya baraza, Kinara lake limekunjwa kwapani, akitazama jiko badala ya kumtazama mtu.

"Nimesoma," alisema. "Toka juu mpaka chini."

Bi Zamda aligeuza vitumbua.

"Zamda binti Mrisho," alisema yule mzee. "Nipe vinne."

Bi Zamda aliinuka. Aliubandua ule ukurasa wa zamani ukutani, ukatoka mzima na gundi yake kavu, akaupasua katikati, akafungia vitumbua vya Mzee Safari, na mafuta yakaanza kuupenya kabla hajaukabidhi. Viliombwa vinne, akatia vitano. Vyote vilikuwa na sukari.